Bi. Aikande Mfinanga na Mtambo Alioukataa

Tarehe 30 Juni 2001, baada ya miaka ishirini na tisa kamili, Bi. Aikande Mfinanga, fundi sanifu mkuu wa maabara yetu ya maji hapa Kigoma, anastaafu. Kamati imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimekaa naye meza moja miaka kumi na minne. Nimekubali, ingawa wanaojua jinsi alivyonichosha watashangaa.

Alishuka treni mwaka 1972 akitokea Same, amepangiwa miaka miwili tu. Tangu hapo hakuna chupa ya sampuli iliyopokelewa bila yeye kuuliza imesuuzwa mara ngapi. Mwaka 1995 tulikuwa nusu ya safari tukirudi kutoka Kagunga alipokumbuka kwamba nilishika mdomo wa chupa kwa kidole gumba. Boti ikageuzwa. Mwendeshaji alinisema kwa Kiha mpaka tukafika.

Kilichotushinda kabisa ni mwaka 1997. Kambi moja ya wakimbizi upande wa Uvinza ilikuwa imefurika, kipindupindu kinanyemelea, na wafadhili wakaleta mtambo wa kusafisha maji ya kisima kwa gesi ya ozoni. Turubai likafungwa, wageni wakaalikwa, ikabaki sahihi ya Bi. Aikande. Akakataa.

Hoja yake tuliisikia hadi tukaikariri. Ozoni ikiingia majini huzaa radikali za haidroksili, vitu vikali visivyodumu hata kufumba na kufumbua, ambavyo hushambulia chochote vinachokutana nacho. Huua vimelea, sawa. Lakini kisima kile kilichimbwa karibu na chemchemi za chumvi, kimejaa chumvi za bromidi, na radikali hizo zikisaidiana na ozoni huigeuza bromidi kuwa bromati, inayoshukiwa kuleta saratani. Haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Sisi hatukuwa hata na kifaa cha kuipima.

Tulimwambia watu wanaweza kufa kesho, yeye anazungumzia saratani ya miaka ishirini ijayo. Akajibu kwamba klorini ipo, mapipa yapo na mikono tunayo. Basi miezi mitatu tukakoroga klorini pipa kwa pipa, macho yanawasha, mtambo umezimwa pembeni, na mkuu wetu, Bwana Nehemia, akifokewa kwenye simu kila asubuhi. Kipindupindu hakikuingia, lakini sisi tuliona tumeonewa tu.

Ndipo wakubwa wakapelekewa barua kwamba mama huyu ni mkaidi, anahatarisha maisha ya wakimbizi, aondolewe. Akapewa nakala ya barua hiyo na siku saba ajieleze kwa nini asifukuzwe, naye ana watoto wanne wa kusomesha. Siku ya tano yakafika majibu ya maji ya majaribio ya mtambo, aliyoyapeleka nje ya nchi kwa kuombaomba: bromati mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Mtambo ukaondolewa kimyakimya. Hakuna aliyemwomba radhi.

Barua ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu. Mwandiko wangu anausoma kila siku, asingeweza kuukosea. Miaka minne sasa ananimiminia chai na hajasema neno, na hilo ndilo limenichosha kuliko yote, maana angenigombeza tungeyamaliza. Kwa hiyo nayamaliza mimi, mbele ya wote. Nilikosea, na kosa langu wangelinywa watoto wa kambi ile.

Asante, mama, kwa kutukatalia. Maabara nzima inakutakia maisha mema na marefu nyumbani kwako Gungu. Mimi naomba unisamehe.

Selestini