Kosa Ambalo Profesa Kasonde Aliagiza Lisomwe

Ndugu wote mliofika kwenye kilio hiki hapa mtaani Hewa Bora, kwa jina la familia mimi Aimé ninawasomea maisha ya kaka yangu, Baba Edouard Kasonde, profesa wa fizikia.

Baba Edouard alizaliwa Kabalo tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli, akaanza shule huko huko, akaja Lubumbashi mwaka 1974 baba yetu alipohamishwa, akamaliza sekondari mwaka 1980, akapata lisansi, yaani digrii, ya fizikia mwaka 1986 na udaktari mwaka 2004, maana alikuwa na kichwa kigumu, akianza jambo haliachi. Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Mama Julienne katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, Mungu akawapa Fils, Lydie na Brigitte, na wote watatu ni mashahidi kwamba baba yao hakutoka nyumbani na shati ambalo halijapigwa pasi, hata akienda kununua makaa ya kupikia.

Tangu mwaka 2018 alichunguza vitu vyembamba ajabu, tabaka zenye unene wa atomi chache, zilizopangana kama maganda ya kitunguu na zenye nguvu ya sumaku, akizifanyia hesabu kwenye kompyuta kila umeme uliporudi. Mwaka 2020 mwanafunzi wake Dorcelle Katungu alimletea hesabu ya tabaka zilizopindwa, ikionyesha kwamba penye pindo sumaku inabadilika, naye profesa, ambaye kwake mkunjo wowote ulikuwa uchafu, akamwamuru azinyooshe na aanze upya, binti akachelewa kupata diploma mwaka mzima, akalia.

Februari 2023 Baba Edouard aliirudia hesabu ile mwenyewe, mara tatu, akaona kwamba tabaka zikipindwa zinateleza kidogo moja juu ya nyingine, na sumaku za tabaka jirani, zilizokuwa zikipingana, zinaanza kuelekea upande mmoja. Dorcelle ndiye aliyekuwa sahihi. Wenzake walimshauri amwombe msamaha pembeni, mkubwa asijivunjie heshima, lakini alikataa, akavaa koti, akasimama mbele ya walimu na wanafunzi wote, akasema: "Huyu mutoto aliona, mie nilikatala kuona. Munisamehe." Wakaandika kazi ya utafiti pamoja, jina la Dorcelle likitangulia, na kutoka hapo kaka yetu akawa mtu mwepesi, mwenye kucheka hata mezani, jambo ambalo hatukulizoea.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024, akalazwa tarehe 20 Januari 2025, akatuacha tarehe 3 Machi saa nne asubuhi, Mama Julienne akimshika mkono. Aliagiza kosa lake lisomwe leo. Baadhi yetu tulitaka kuliruka, kwa kuona haya mbele ya wageni, lakini Mama Julienne alisema: "Musome yote. Ile ndiyo siku nilimupenda zaidi."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji na viti, walimu wenzake, na Dorcelle, sasa Daktari wa fizikia, aliyeketi leo kati ya watoto wa marehemu.

Pumzika kwa amani, Baba Edouard, tumesoma yote.