Santuri Mbili za Bartolomeo

Nauza kahawa karibu na stesheni ya Mpanda, na benchi la hapo kwangu ni langu. Nasema mapema kwa sababu wanaolikalia wamejisahau. Krispini, fundi wa gramafoni, tunamwita Sindano. Masele ni Besi, kwa lile koo lake la sauti nzito. Gelasius ni Profesa, profesa wa nini hatujui. Asubuhi moja ya mwaka sabini na nne Krispini alitoa nje mashine zake mbili, ya kukoroga kwa mkono na pleya mpya ya betri. Basi ugomvi ukaanza: muziki mtamu uko kwenye santuri zile nzito za zamani, zinazovunjika, au hizi ndogo za plastiki?

— Nzito! alisema Masele. Sauti inakaa kwenye uzito, bwana. Hii plastiki ukiiweka juani, sauti si inavuja?

— Nzito inakwaruza kama mchele wenye mawe, alijibu Krispini. Ndogo ni safi. Nasikia mpaka mpiga gitaa anavyomeza mate.

— Mate!

— Ndiyo, mate. Na kama hajala, najua.

Gelasius aliweka kikombe chini.

— Nyie hamjasoma. Santuri ya zamani inazunguka mbio, kwa hiyo mwimbaji anakimbizwa. Akikimbizwa anatoka jasho. Utamu wote ni lile jasho.

Nilitaka kuwafukuza. Hapo akafika binti mmoja na kitu kilichofungwa kwenye khanga.

— Shikamooni. Naitwa Emerensiana, nimetoka kijiji cha Mamba. Fundi wa gramafoni ni nani?

— Marahaba. Ni mimi, alisema Krispini.

Akafungua khanga. Santuri nzito, ya bendi moja ya zamani ya wachimbaji wa mgodini.

— Baba yangu aliimba humu. Bartolomeo. Alikufa mimi niko tumboni, sijawahi kusikia sauti yake.

— Bartolomeo! Rafiki yangu kabisa! alisema Krispini. Na wimbo huu ninao kwenye ndogo!

— Tulikula sahani moja, alisema Gelasius.

— Kuimba nilimfundisha mimi, alisema Masele.

Krispini alianza na ndogo. Wanaume wanne waliimba kwa kupokezana, sauti safi kweli. Halafu akageukia ile ya binti. Sindano ya chuma ingeitafuna, akachonga mwiba wa mgunga, akauchomeka kwenye mashine ya mkono, akakoroga. Ikalia kama bisi zinazopasuka kwenye chungu, na wale wanne wakatokea katikati.

— Umesikia kifua hicho? Masele alipiga kelele.

— Nasikia makwaruzo tu! alisema Krispini.

— Jasho hilo, alisema Gelasius.

Emerensiana alisubiri mpaka wimbo ukaisha.

— Wazee wangu, wameimba wanne. Baba ni yupi?

— Wa kwanza, alisema Krispini.

— Yule wa chini, alisema Masele, wakati huohuo.

— Anayecheka mwishoni, alisema Gelasius.

Wakatazamana.

— Haya, alisema binti taratibu, akiongea tu, sauti yake ilikuwaje?

Krispini aligeuza mwiba vidoleni. Gelasius akatazama reli. Hasira zilinipanda.

— Mate ya mpiga gitaa mnayasikia! Sauti ya mtu mliyekula naye sahani moja hamuikumbuki?

Masele alininyooshea kikombe, asinitazame. Birika lilikuwa tupu, nikamwambia hivyo.

Emerensiana alikaa benchini, katikati yao.

— Irudie ile nzito, baba. Mama alisikiliza hiyo. Baba yangu yumo, nitawasikiliza wote wanne.

Krispini akachonga mwiba mpya, na safari hii hakuna aliyeongea juu ya wimbo. Mimi huwa sipiki birika la pili. Siku ile nilienda kuwasha jiko.