Mwalimu Yuditha Lukasi, Aliyenyimwa Njia na Vijiji Vyake Viwili

Ndugu mliopanda mlima mpaka hapa Dindira, wa Kwemkuyu mlioketi kulia na wa Kwamgoda mlioketi kushoto, familia inawashukuru kwa kufika. Kwa mengine haiwashukuru, nayo yatasemwa hapa hapa mbele ya jeneza, kwa kinywa cha mdogo wake, Julius.

Mwalimu Yuditha alizaliwa tarehe 17 Agosti 1961 katika kijiji cha Kwemkuyu, wilaya ya Korogwe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Lukasi na Mama Emiliana, waliokuwa wameteremka kutoka huku Dindira kutafuta shamba la tambarare. Alikulia kando ya bonde la Mbeza, hilo hilo linalotenganisha Kwemkuyu na Kwamgoda ya upande wa Handeni. Siku hizo ng'ombe wa pande zote walikunywa maji pamoja bondeni, na hakuna aliyemuuliza ng'ombe wilaya yake.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, akamaliza sekondari Korogwe mwaka 1979, kisha akaenda chuo cha ualimu. Baada ya kufundisha miaka kadhaa alirudi darasani mwenyewe, akapata shahada mwaka 1994. Somo lake lilikuwa historia. Alifundisha Mashewa, akafundisha Mombo, akamalizia Handeni, ambako alistaafu mwaka 2021.

Waliopita mikononi mwake wanajua kwamba akifika kwenye miji ya Italia ya kale hakuna aliyesinzia. Pisa na Genoa, Siena na Florence. Watu wa imani moja, waliochinjana kwa ajili ya mabonde, bandari na mipaka. Alipenda kusimulia jinsi Wagenoa walivyovamia bandari ya Pisa, wakakata mnyororo uliolinda lango lake, wakautundika vipande vipande kwenye malango ya mji wao ili wenzao waaibike. Vipande hivyo vilirudishwa Pisa baada ya karibu miaka mia sita.

Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Kwa hiyo bandari ikafungwa tena, mwalimu?"

"Bandari ipi?" akajibu. "Ilishafukiwa na tope zamani. Walirudishiwa mnyororo, bandari haipo."

Mwaka 1986 alifunga ndoa na Habakuki Mhina, fundi seremala wa Kwamgoda. Hata wakati huo vijiji hivi vilikuwa vikitazamana kwa jicho la pembeni. Mzee Lukasi alipopata habari za uchumba alikasirika. "Kijana wa Kwamgoda? Mbuzi wetu akivuka kwenda kule, sisi hatumfuati." Yuditha akamjibu taratibu, "Mbuzi asiyefuatwa huzaa huko huko, baba." Mzee alishindwa kujizuia, akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na ruhusa ikatoka siku hiyo. Walijaliwa watoto wawili, Elina na Matayo. Mzee Habakuki alitangulia mbele za haki mwaka 2015, akazikwa Kwamgoda.

Mnafahamu yaliyofuata, kwa sababu mliyafanya ninyi. Mwaka 2019 jiwe la mpaka liling'olewa bondeni. Kila upande ukasema ni wenzao. Ikaja mvua haba, bonde likawa ndilo shamba pekee lenye unyevu, na kila aliyelima mpunga upande huu alikuta umefyekwa na wa upande ule. Ndipo vijana wa Kwemkuyu walipong'oa mpini wa pampu ya kisima cha Kwamgoda, wakautundika kwenye goli la uwanja wao. Wanawake wa Kwamgoda wakakosa maji ili vijana wapate cha kuchekea.

Mwalimu alitoka nyumbani kwake Kwamgoda, akavuka bonde peke yake. Alikuta mechi inaendelea, akaingia uwanjani na kusimama golini. Mpira ukasimama.

"Shikamoo, mwalimu," wakasema.

"Sitaki shikamoo. Nataka mpini."

Kisha akawasimulia kisa cha mnyororo, wamesimama hivyo hivyo na jasho lao. Walishusha mpini wenyewe na kumsindikiza nao. Mlifurahi sana, pande zote mbili. Mkamwita mama wa vijiji viwili. Lakini msimu wa kulima ulipofika, mkarudi kule kule. Kwamgoda mkachimba handaki barabarani ili magari ya Kwemkuyu yasiingie bondeni. Kwemkuyu nanyi mkalaza magogo ng'ambo na kuweka vijana walinzi. Mwalimu alikwenda kwa wenyeviti wote wawili kuwasihi. Kila mmoja alimwambia, "Waanze wao."

Jumapili tarehe 8 Juni 2025, akitoka kanisani, alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Muuguzi wa zahanati alisema ni kidole tumbo, anahitaji upasuaji mara moja. Hospitali ya karibu iko Korogwe, ng'ambo ya bonde. Jirani yake Ramadhan aliwasha gari, Elina akampakata mama yake kiti cha nyuma.

Kwenye handaki vijana wa Kwamgoda walinyoosha mikono. "Hakuna njia."

"Ni mama," Elina akasema. "Ni Mwalimu Yuditha."

Hao vijana waliingia handakini na majembe na kuanza kulifukia. Familia inalikiri hilo. Lakini walinzi wa Kwemkuyu waliona majembe yakiinuka, wakadhani wanavamiwa. Mawe yakaanza kuruka. Kioo cha mbele kikavunjika.

Mwalimu aliinua kichwa. "Waambieni ni mimi," akasema.

Elina alipaza sauti mpaka ikamkauka. Mawe hayakukoma. Ramadhan aligeuza gari kushika njia ndefu ya Handeni. Mgonjwa aliomba maji, akaloweshwa midomo. Alikata roho njiani, mkono wake ukiwa kwenye kiganja cha binti yake. Daktari aliyempokea alisema angeletwa mapema angepona.

Mkaja mochwari kwa magari mawili. Kwamgoda mkasema, "Ni mke wetu, atalala na mumewe." Kwemkuyu mkasema, "Ni binti yetu, kitovu chake kiko kwetu." Mkakunjana mashati mlangoni mwa wafu. Elina aliwauliza, na leo familia yote inawauliza: akiwa hai hamkumpisha, akiwa maiti mnamgombania?

Ndiyo maana analazwa Dindira, ubavuni mwa bibi yake, mbali nanyi nyote. Ametenganishwa na kaburi la Habakuki, mume aliyempenda. Hilo nalo mlibebe. Jeneza litashushwa na wanafunzi wake wa zamani. Kijana wa Kwemkuyu au wa Kwamgoda asiguse kamba.

Mwalimu Yuditha ameacha mdogo mmoja, Julius. Watoto wawili, Elina na Matayo. Na mkwe, Ritha, mke wa Matayo, aketiye pale mbele. Mtazameni. Anaishi Kwamgoda na ni mjamzito, anatarajia kujifungua mwezi ujao. Hospitali yake ni ile ile, na barabara yake ni ile ile. Jana tulipita kuangalia: handaki li wazi, na magogo hayajasogezwa.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa; lakini msimsingizie Bwana kazi ya mikono yenu. Dada yetu na apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki hatuna ruhusa ya kupumzika mpaka barabara ile ipitike.