Wasifu wa Maingi, kwa Jina Alilolichagua

Marehemu Maingi alizaliwa Machakos tarehe 9 Aprili 1949, mtoto wa pili wa marehemu mzee Ngui na mama Ndindi. Alibatizwa Asenath. Jina hilo tunalitaja mara hii moja tu, kwa sababu limezua maneno nyumbani tangu Jumanne.

Alisoma hadi darasa la saba, akichapwa kila mara kwa kukataa sketi. Mwaka 1966 alishuka Nairobi akiwa na suruali yake na jina lake, akajifunza kuchonga vinyago Pumwani. Twiga wake walikuwa na shingo fupi. Mteja akinung'unika alimwambia, "Huyu bado anakua, mzee."

Mwaka 1975 alianza kuishi mtaa wa Jericho, huko huko Nairobi, na Nabwire, muuza mboga kutoka Bungoma. Harusi ya kanisani hawakupewa, ila majirani waliwajua kama bwana na bibi.

Mwaka 1982 aliota uvimbe kifuani. Akauficha, hadi Nabwire akamburura hospitali. Daktari alimvua shati, akaita wenzake waje kuona, wakacheka. Kisha akasema, "Vaa gauni ulazwe wadi ya wanawake, ama utoke hapa." Maingi alifunga vifungo akatoka. Nabwire alimsihi njia nzima.

"Heri nife nikiwa Maingi," alimjibu.

Tulimkasirikia, na bado tunamkasirikia kidogo. Daktari yule tunamkasirikia zaidi.

Februari mwaka huu daktari mwingine, kijana aitwaye Wamalwa, alikuja kumwona nyumbani. Kabla ya kumgusa aliuliza, "Nikuite nani?" Maingi alilia, kisha akakubali kupimwa. Uvimbe ulikuwa umeshafika mapafuni. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Juni 1984, Nabwire akiwa amemshika mkono.

Mjomba Kisilu ametaka azikwe kwa gauni na jina la ubatizo, la sivyo hashiki jeneza. Mama Ndindi, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka jina la Maingi, alisimama mlangoni. "Suti nimemvalisha mimi," alisema. "Anayetaka kumvua Maingi, aanze na mimi."

Marehemu amemwacha mama yake. Mke wake Nabwire. Dada yake Kavutha, atakayewasomea haya. Na mjomba Kisilu, ambaye hadi tunapochapisha hajasema kama atakuja. Mbele ya jeneza nafasi yake ipo.

Bwana ampe Maingi pumziko alilonyimwa na hospitali.