Risala ya Akina Mama wa Tangawizi Kuhusu Mtoto Uliyempakata

Mgeni rasmi, shikamoo. Na viongozi wote mliokaa chini ya turubai, shikamooni. Sisi akina mama wa kikundi cha tangawizi, huku juu kijijini Mamba, milima ya Upare, yaani tuna furaha mpaka chai ya asubuhi tumesahau kunywa. Karibu sana. Tulipewa dakika kumi za kusoma, lakini kwa jinsi mtoto anavyolia hapo mapajani kwako, tutajitahidi ziwe tano.

HISTORIA

Mtoto huyo ana siku nne. Mama yake anaitwa Jesca, mwanachama wetu, na sasa hivi tunaposoma yuko kule chini kwenye ghala la tangawizi, lile la bati jekundu. Hajafungiwa, mlango uko wazi. Amewekwa tu.

Ilikuwa hivi. Mimba ya Jesca ilikuwa imeingia mwezi wa tisa, akaanza kukohoa. Sisi wenzake, kwa mapenzi, tukamfukiza. Tulijaza tangawizi sufuria nzima, tukamfunika mablanketi mawili, akatoka humo anahema, jasho linamchuruzika, na kikohozi kiko palepale.

"Jamani," akasema, "nimekuja kutibiwa au kupikwa?"

Hapo tunaomba radhi, maana mjamzito siyo wa kuchemshwa. Nesi Fortunata wa zahanati yetu akampima puani: corona. Jesca akalishika tumbo lake kwa mikono miwili. Habari zake mwenyewe hakuuliza. "Na huyu je?" Nesi akamwambia wengi wanajifungua salama, ila asikae nyumbani kusubiri mpaka kifua kimbane, aje zahanati mapema. Akaja. Jumapili, watu wako kanisani, akajifungua huyo, kilo tatu na robo. Hapo sasa! Vigelegele vilisikika mpaka kwenye mahubiri.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi. Kamati ya zahanati, chini ya Mwenyekiti Mzee Eliezeri, ilisikia kwamba watu wakae mbalimbali kwa mita moja. Watani zetu Wachaga wanatuita Wapare wabahili, lakini kwenye mita tulitoa bila kupima. Kamati ikaweka mita mia mbili na mteremko katikati. Mama chini, mtoto juu.

Bomba la kunawia mikono unalozindua leo nalo limekamilika, isipokuwa maji. Ukilifungua, tunaomba ufungue kidogo. Nyuma ya ukuta yupo fundi Dickson na ndoo mbili tu.

Halafu mtoto amependeza. Kamati ilitafuta mtoto mchanga wa kupiga naye picha, na zahanati nzima alikuwepo mmoja.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja. Ana njaa.

Jesca anakamua maziwa, mama mkwe wake, Mama Ernesta, anayapandisha kwa kikombe. Juzi kikombe kilijaa. Jana nusu. Leo asubuhi yalifunika kitako tu. Ziwa lisiponyonywa linakata tamaa, mgeni rasmi, hata wewe ungekata.

Nesi Fortunata aliliona hilo, akaenda kwa kamati. Tulikuwepo.

"Mzee, ugonjwa huu haupiti kwenye maziwa. Mama avae barakoa, anawe mikono, amnyonyeshe. Wakae chumba kimoja, dirisha wazi."

"Nesi, nakuelewa vizuri kabisa," Mzee Eliezeri akajibu. "Lakini Alhamisi mgeni anakuja, na nimeshaandika kwenye taarifa kwamba zahanati haina mgonjwa wa corona hata mmoja."

"Na Jesca?"

"Jesca yuko ghalani. Ghala siyo zahanati."

Ilipangika vizuri hiyo, mpaka baadhi yetu tukapiga makofi. Tukaja kushtuka baadaye. Na suala la mama na mtoto, kamati imeahidi kulijadili kwenye kikao cha mwezi ujao.

Jesca anasikia kila kitu kutoka kule chini. Alisikia gari lako likipanda, akasikia ngoma, lakini anachosikiliza ni kilio hicho tu. Kikombe kinamgomea, ila mtoto akilia kitenge kinamlowa kifuani. Ndipo anapojua bado yapo. Asubuhi alimwambia Raheli wetu, "Mwambieni huyo mgeni simdai barabara. Anipe mwanangu."

MAOMBI

Tulikuwa na maombi manane, barabara ikiwemo, na mtambo wa kukaushia tangawizi. Saba tumeyakata kwa kalamu.

Tunaomba usimrudishe mtoto kwa kamati. Mzee Eliezeri, tunakuheshimu sana baba yetu, tafadhali kaa. Mgeni rasmi, simama naye, vaa barakoa yako, ushuke. Njia tumeifyeka jana. Nesi Fortunata atakwenda na wewe. Jesca ameshavaa barakoa, amenawa kwa sabuni mara tatu, anangoja mlangoni. Huna haja ya kuingia, mkabidhi tu. Mpiga picha naye aje, hiyo picha itakuwa nzuri kuliko ya bomba.

Na kama ratiba hairuhusu, tunaelewa, wewe una mambo mengi. Basi tupe sisi.

Mungu akupe magoti imara kwenye mteremko wetu, akurudishe kwako salama, na huyo mdogo amjalie kushiba leo, siyo mwezi ujao.

Ni sisi, Kikundi cha Akina Mama Wakulima wa Tangawizi, Mamba. Tuko arobaini na wawili, tumeshavaa barakoa, na kama unavyoona, tumeshasimama.