Page Yangu Iliishia Kwenye Daraja

Wapapa, wamaman, na nyinyi vijana mulio kule nyuma, aksanti kwa kunipa hii nafasi. Président wa groupe yetu aliniomba niseme kidogo, na nisiwalize watu. Bon, kusema kidogo nitajaribu. Lakini ushuhuda huu uko muchungu mudomoni mwangu hata leo, na sitautia sukari kusudi mukule vizuri.

Munanijua, mimi ndiye wa ile page ya safari. Kwa wageni, naeleza. Nilifika Bruxelles mukimbizi, nimetoka Bukavu. Nikapata kazi ya jikoni katika maison de repos moja ya wazee kule Ganshoren, kusukuma chariot za chakula na kuosha masahani. Jioni nilikuwa nasoma informatique hapa Schaerbeek, na ili kumaliza masomo kila muntu alipaswa kutengeneza page yake ya internet. Nikasema, mimi nitatengeneza page ya kumurudisha muntu kwetu.

Nawaambia ukweli, ndani ya page ile hakuna kitu kilichokuwa changu. Saa za ndege nilikuwa naomba kwa service moja, hali ya hewa kwa ingine, carte ya kuonyesha njia kwa ingine, bei ya dollar kwa ingine tena. Kazi yangu ilikuwa kuzikalisha zote meza moja. Na zilikuwa na kichwa ngumu! Hii inataka jina la muji. Ile inasema jina haitaki, inataka namba za mahali kwenye carte. Ingine ukiiuliza mara nyingi inanuna, inakufungia mpaka kesho. Alors, siku moja zikakubali. Naandika Bruxelles, naandika Bukavu, page inanionyesha: ndege mpaka Kigali, bus mpaka Kamembe, kisha unavuka daraja la Ruzizi, mupaka wa Rwanda na Congo, na uko nyumbani, na huko mvua inanyesha. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Mulinisifu, eh! Kila mwenye kwenda kwenye kilio au kwenye ndoa alikuwa ananipigia simu kwanza. Papa, bus ya Kamembe inatoka saa ngapi? Papa, dollar iko ngapi leo? Nilijibu wote. Na kila simu ilimalizika na swali moja: "Na weye, unaenda lini?"

"Sikukuu ya Noël," nilikuwa najibu. Au, "Patron hajanipa congé."

Ndugu zangu, lile swali lilikuwa linanichoma. Mimi nilikuwa na titre de voyage, kile kitabu cha wakimbizi. Ndani imeandikwa unaweza kwenda nchi zote isipokuwa Congo, kwa sababu kule ndiko ulikokimbia. Musiangalie chini. Wengi katika hii salle muko nacho kwenye sac sasa hivi, na hakuna anayesema. Kule kwetu muntu wa Ulaya ni muntu anayekwenda anakotaka. Utaanzaje kuwaambia kwamba umefungiwa mulango wa kwenu mwenyewe? Ni haya, ni aibu. Donc tunadanganya wa kule, na hapa tunadanganyana sisi kwa sisi.

Muntu niliyemudanganya kupita wote ni maman yangu. Yeye aliuza makala ya kupikia akanisomesha. Kila mara mumoja wenu alipofika Bukavu alipita kumusalimu, akamwambia, "Mutoto wako ndiye alinionyesha njia." Na maman alikuwa anatoka mpaka barabarani kuangalia kama niko nyuma. Hilo nililisikia baadaye. Kwenye simu aliniuliza tu, "Na weye?" Nami nikasema, kazi, maman, kazi nyingi.

Hapo ndipo nilianza kuanguka. Nilihamia ndani ya page. Kazini nilijificha nyuma ya chariot na simu mukononi, naangalia kama jua limetoka Bukavu. Mumoja wenu akiwa hewani, nafuata kile kidude cha ndege kwenye carte mpaka kitue, kama vile mimi ndiye niliyekaa mule ndani. Supu ilimwagika, masahani yalipotea. Siku moja nilimupelekea kizee mwenye ugonjwa wa sukari tarte tamu ya muntu mwingine. Infirmière anayemuuguza alimunyang'anya kabla hajameza. Chef wangu alinifukuza, na alikuwa na haki, sina kinyongo naye.

Sasa sikilizeni ubaya wake. Kupata uraia wa hapa wanataka uonyeshe kazi. Bila uraia, siwezi kuvuka lile daraja. Mimi nilipoteza kazi kwa sababu ya kuangalia njia ya kwetu, na kwa kupoteza kazi njia ya kwetu ikafungwa zaidi. Kuna aliye mujinga kunishinda? Nikaanza bia mchana. Na nyinyi mulijua. Mulinipigia simu tena na tena: "Papa, page inaonyesha saa za zamani, rekebisha basi." Hata mumoja hakuuliza nimekula nini. Sitaji jina la muntu. Kila mumoja ajue mwenyewe alisema nini.

Maman mumoja ndiye aliniamusha. Yuko hapa, anajifunika na kitenge, mumuache. Alirudi kutoka Bukavu akaja kwangu moja kwa moja na valise yake ya safari. Hakunisalimu, hakukaa.

"Maman yako amelazwa," akasema. "Ameniuliza, 'Huyu mutoto anaonyesha watu wote njia. Nyumba yangu haiko katika mashine yake?' Nipe jibu weye."

Nikamuonyesha titre de voyage. Alisoma mpaka mwisho. Nilizani atanihurumia. Wapi!

"Inakataza Kigali?"

"Apana."

"Inakataza Kamembe?"

"Apana, maman."

"Weye mwenyewe uliandika bus mule, uliandika daraja! Si ungefika mwanzo wa daraja, maman yako akavuka na miguu yake akiwa na nguvu? Wamaman wa Bukavu wanavuka kila siku kwenda kuuza nyanya! Ulishindwa na nini?"

Nilishindwa na haya, wapendwa. Kumwita maman darajani, ningepaswa kumwambia kwa nini mimi siwezi kumaliza zile hatua zinazobaki. Kwa hiyo nilinyamaza, miaka yote, na njia nilikuwa nayo, nimeitengeneza na mikono yangu.

Nilikwenda. Nilifuata page yangu vile inasema, na haikukosea kitu. Kutoka Kamembe unaiona Bukavu, wenye kutoka kule munajua. Niliona kilima chetu, niliona mabati, ningeweza kukuonyesha kwa kidole upande maman amelala. Lakini hakuweza tena kubebwa. Nilisimama karibu na daraja, wamaman wananipita na mabeseni kichwani, wanakwenda na kurudi, mumoja ananisukuma ati, papa, unaziba njia. Mudogo wangu kule hospitali akamuwekea maman simu sikioni.

"Maman, niko hapa Ruzizi. Siwezi kuvuka. Karatasi yangu inanikataza. Tangu mwanzo ilinikataza, sikukuambia."

"Kumbe ni karatasi," akasema. "Mimi nilikuwa nauliza Mungu nilikukosea nini."

Kesho yake alikufa. Walimuzika, na mimi nilibaki ngambo ya Kamembe, simu ya mudogo wangu iko wazi, nasikia nyimbo, nasikia udongo. Watu wakaniuliza kama sauti ya simu ilikuwa nzuri. Ndiyo, ilikuwa nzuri sana, réseau ya simu haikukatika hata kidogo.

Nilirudi hapa. Yule maman alinitafutia kazi ya kufua nguo kule Woluwe, akanikatalia bia kama mutoto. Dossier ya uraia ilianza upya, na mwishowe nilipata uraia. Mulinipigia vigelegele, nakumbuka. Juzi juzi nilivuka lile daraja. Police wa mupaka alipiga muhuri bila hata kuniangalia usoni. Ni daraja fupi, munajua? Sikujua kama ni fupi vile. Nikamaliza, nikaenda makaburini.

Basi, aksanti. Aksanti kwa maman aliyenigombeza kuliko kunihurumia. Aksanti kwa mudogo wangu aliyeshika simu. Aksanti kwa wawili wenu muliokuja kukaa na mimi kilioni bila kuuliza habari za bus, munajijua. Wengine nimewasamehe, au niko njiani kuwasamehe, Mungu anisaidie kufika.

Kwenye page nimeongeza kitufe kipya. Kimeandikwa "Siwezi kuvuka." Ukikibonyeza, kinakuonyesha muji wa karibu ambao karatasi yako inaruhusu, na namna mzazi wako anaweza kukufikia pale. Vijana waliniambia hilo jina linatia haya, niweke lingine tamu. Nilikataa. Hiyo haya inapaswa kuonekana.

Nilipata service ya ndege, ya mvua, ya carte, ya bus. Ya kumwambia maman yako ukweli sikupata, na usingoje mimi niipate. Weye unayenisikiliza na kile kitabu ndani ya sac, chakula kitakungoja kwenye moto. Toka hapo nje, umupigie simu sasa, angali anaweza kutembea.