Perez Adero, Mlishaji wa Viwavi wa Hariri, 1957–1996

Mchungaji, shemeji Zadock na watoto, wazee wetu wa Nyakach, majirani wa Kondele na waombolezaji wote, mimi ni Gordon, ndugu mdogo wa marehemu, na familia imenipa karatasi hii niisome.

Perez Adero alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Pap Onditi, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu na mama yetu Dorka, ambaye ameketi hapa mbele. Aliingia shule ya msingi mwaka wa 1964, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1975, na katika miaka miwili aliyokaa nyumbani baada ya hapo yeye ndiye aliyenifundisha hesabu, maana nilikuwa mzito.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Bwana Zadock Oduor, fundi wa mitambo, wakajaliwa watoto wawili, Lornah mwaka wa 1981 na Walter mwaka wa 1985.

Mwezi wa Februari 1984 alijiunga na mradi wa akina mama wa kufuga viwavi wa hariri, kazi yake ikiwa kuchuma majani ya mforsadi, ule mti wa matunda madogo meusi yanayotia midomo rangi, na kuwalisha viwavi asubuhi na jioni. Aliipenda kazi hiyo, akatuambia kwamba ukinyamaza utawasikia wakitafuna, kama manyunyu juu ya mabati.

Kuanzia mwaka wa 1987, kila miti ilipotoa maua, alipiga chafya mfululizo na macho yakavimba, kisha midomo ikaanza kumwasha akila forsadi, baadaye fenesi, baadaye tini. Mwaka wa 1991 Daktari Manjit wa Kisumu alimpima mkononi, akamweleza hivi: "Mwili wako umeichukia chavua ya mforsadi, na haya matunda ni ya ukoo huo huo, kwa hivyo unayakataa yote pamoja." Daktari akamwonya kwamba siku moja forsadi ingeweza kumziba pumzi, akamwandikia orodha ya vitu vya kuepuka. Aliacha mradi, akahamia Kondele na jamaa yake, akawa mshonaji wa sare za shule.

Sisi wa nyumbani hatukuamini. Tulisema mji umemlainisha, na kwenye sherehe alipouliza kila chakula kimepikwa na nini, watu walichoka, na mimi nilichoka zaidi.

Jumapili tarehe 28 Aprili 1996 tulikuwa kwangu Manyatta, baada ya ubatizo wa mtoto wangu. Nilikuwa nimekamua juisi ya pasheni, nikachanganya na forsadi za kutoka huku nyumbani. Dada alishika gilasi, akaniuliza, "Gordon, kuna nini humu?" Nikamjibu, "Pasheni tu, dada. Kunywa." Nilijua nilichoweka. Nilitaka anywe, halafu nimwonyeshe mbele ya watu kwamba hakuna kilichompata, mambo ya aleji yaishe.

Alikunywa nusu. Kabla ya dakika kumi sauti yake ilikuwa imekwenda, shingo imevimba, akawa ananitazama. Jirani alitoa gari, tukamfikisha hospitalini, madaktari wakafanya walichoweza, na saa tisa na robo alasiri akafariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Nilimwambia Zadock kesho yake. Familia ilipokaa kuchagua msomaji, alisema, "Gordon atasoma, na asiruke kitu."

Familia inamshukuru Daktari Manjit, ambaye yuko hapa, madaktari na wauguzi waliompokea siku ile, jirani yangu Wabwire aliyetoa gari, akina mama wa mradi waliochuma maua yao wenyewe na kuyaleta bila hata ua moja la mforsadi, washonaji wenzake wa Kondele walioshona nguo aliyovaa, na mama yetu, ambaye tangu siku hiyo amekuwa akiniwekea chakula kama kawaida.

Perez, mtoto wa kwanza wa mama, pumzika kwa amani. Naomba niketi.